Gia ya Nyuma ya Mama Trei

Mama mkwe wangu anauza mayai kwa baiskeli, na mtaa mzima unamwita Mama Trei. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu ya trei anazozipanga kwenye keria, moja juu ya nyingine, akazifunga kwa mipira ya tyubu iliyochanwa, mpaka ukimwona kwa nyuma humwoni mtu, unaona ghorofa la mayai linajiendea lenyewe barabarani. Umri wake umekwenda, lakini magoti hayajapata habari. Ana miguu ya msichana na ulimi wa hakimu, na vyote viwili huanza kazi alfajiri.

Baiskeli yenyewe ni nyeusi, ndefu, nzito kama kabati, na kwa umri inamzidi mume wangu. Aliinunua mwenyewe kabla ya kuolewa. Marehemu baba mkwe alipenda kusema kwamba siku alipokwenda kuposa alikuwa ameshaipenda baiskeli, mwenye baiskeli akaja kama nyongeza. Gia yake kubwa ya mbele, ile inayozungushwa na pedali, imetobolewa nyota katikati, nyota tupu zinazopitisha mwanga, na Mama Trei huzisugua kwa kitambaa kila jioni hata kama hajasugua miguu yake.

Sasa niseme ukweli wangu mapema, na asiyeupenda afunge kitabu. Mimi na mama mkwe tulikuwa tunapendana sana, na siri ya mapenzi yetu ilikuwa ile baiskeli. Yeye aliondoka jua halijachomoza vizuri, akarudi alasiri amechoka, akala, akasifu chakula kwa neno moja, akalala. Mtu usiyemwona kutwa ni rahisi kumpenda. Wanawake wenzangu pale bombani walikuwa wakiwalalamikia wakwe zao mpaka ndoo zinafurika, na mimi nilikuwa nasikiliza tu, kama mtu asiye na kesi mahakamani.

Halafu cheni ikakatika.

Ilikatikia njiani. Mama Trei akaisukuma baiskeli mpaka nyumbani bila yai hata moja kupasuka, akaiegemeza ukutani, akaingia jikoni kwangu, akavuta kigoda, akaketi. Nilidhani anapumzika kidogo. Kumbe alikuwa amehamia.

"Mwanangu," akaniambia asubuhi iliyofuata, "sufuria zako umezilaza kifudifudi. Zinapumua saa ngapi?"

"Sufuria, mama?"

"Sufuria."

Nikazigeuza. Mchana akazitazama tena, akasema zimekaa zimeachama kama watu waliokosa adabu, vumbi lote linaingia. Nikazilaza ubavu. Jioni akamwuliza mume wangu kama na yeye ameona jinsi sufuria zinavyoweza kubingirika zikamvunja mtu mguu. Kitunguu nilikikata kikubwa mno. Nilipokikata kidogo, akauliza kama kuna mtu anayefichwa asikione. Nilifagia kuelekea mlangoni akasema nafukuza riziki, nikafagia kuelekea ndani akasema nakaribisha uchafu. Kabla wiki haijaisha nilikuwa nimeanza kuitazama ile baiskeli pale ukutani kwa upendo ambao sijawahi kumwonyesha binadamu.

Mume wangu naye ni mtoto mwema, na wema wake ndio uliotuponza. Ni karani kwenye ghala la saruji, mtu wa kukaa, na anaamini kila mtu anatamani kukaa.

"Mama, pumzika sasa," akamwambia mezani. "Umefanya kazi miaka yote. Kaa nyumbani, mke wangu yupo, mtaongea."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akadhani namuunga mkono, akaendelea.

"Nikipumzika nitakufa," Mama Trei akajibu. "Waliokufa wote walianza kwa kupumzika."

Alisema kwa mzaha, lakini baadaye nilimkuta uani peke yake, amechuchumaa kando ya baiskeli, kitambaa mkononi, nyota zimeshang'aa na bado anasugua. Muoka keki, mteja wake mkubwa, alikuwa amemtumia ujumbe. Msimu wa harusi umefika, oda zimejaa, na kuna jamaa wa pikipiki ameanza kupita pale kila asubuhi na mayai yake. Alikuwa tayari kumsubiri Mama Trei mpaka Jumamosi ya wiki inayofuata, baada ya hapo asilaumiwe.

"Akimchukua yule wa pikipiki, na wengine watafuata," mama akasema, bila kunitazama. "Halafu nitakaa humo ndani. Sitakuwa Mama Trei tena, mwanangu. Nitakuwa bibi wa kigoda."

Nikamwonea huruma, ya kweli kabisa. Na huruma ile ikakutana na ile hofu yangu ya sufuria, zikashikana mikono. Nikasema liwalo na liwe, baiskeli hii itapona.

Wa kwanza kujaribu alikuwa mume wangu, aliyerudi na cheni mpya inayometameta, ya kisasa, nyembamba, ya zile baiskeli zenye gia nyingi. Haikuingia hata jino moja. Ilikaa juu ya meno kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha babu. Tukaipeleka kwa Fundi Kesho.

Fundi Kesho ana banda la mabati karibu na njia ya kwenda sokoni. Ni fundi hodari, ila kila kazi kwake ni kesho, na ukija kesho hukuti leo. Siku ile kwa bahati alikuwa amekosa kisingizio. Akafungua kopo, akatoa cheni pana, ya kizamani, akailaza chini sambamba na ile iliyokatika. Pingili zilikuwa sawa, lakini ya zamani ilikuwa imeipita mpya kwa urefu.

"Unaona, mama? Cheni ikizeeka inarefuka," akasema. "Na meno ya gia nayo yanalika, yanaifuata. Cheni, gia ya mbele, gia ya nyuma, hawa watatu wamezeeka pamoja, wameshazoeana. Ukiingiza mgeni mmoja katikati yao hawatampokea. Badilisha wote."

"Gia inazunguka?" Mama Trei akauliza.

"Inazunguka, lakini..."

"Kinachozunguka hakijafa. Mimi siziki mzima. Weka cheni."

Hiyo ndiyo sheria ya mama mkwe wangu, na haina rufaa. Nyumbani kwetu kuna ufagio uliobaki na nyuzi chache kama ndevu za mbuzi, bado uko kazini. Fundi akaweka cheni peke yake. Tukafikia sasa kwenye sheria yake ya pili, iliyotugharimu zaidi: baiskeli hujaribiwa ikiwa na mayai.

"Mama, tuweke matofali," nikamsihi. "Uzito ni uleule."

"Tofali likitikiswa linanyamaza," akasema. "Yai linasema ukweli."

Akazifunga trei zake, akapanda, akaenda vizuri kabisa kwenye tambarare. Akatupungia mkono. Kisha akafika mbele ya duka la dawa, pale barabara inapoinuka, akakanyaga kwa nguvu, na tukaisikia: krak! Cheni mpya iliruka juu ya meno yaliyolika, pedali ikashuka ghafla, mama akashtuka mbele, ghorofa likashtuka nyuma. Hakuanguka, maana yeye haanguki. Lakini alipogeuza baiskeli, ute ulikuwa unatiririka kwenye gurudumu mpaka chini.

Jioni ile tulikula mayai ya kukaanga. Kesho yake ya kuvuruga. Keshokutwa mume wangu akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna uwezekano wa kitu kingine, chochote, hata chumvi tupu.

Tukarudi kwa Fundi Kesho. Akalala chini, akaitazama gia ya mbele upande huu na upande huu, akapiga ulimi.

"Hii ya mbele inasaidika. Meno yamelika upande mmoja tu, ule unaovuta. Nikifungua bolti nikaigeuza, upande wa pili bado mpya, tangu izaliwe haujafanya kazi."

"Kama shemeji yako," mama akaniambia.

Shemeji yangu ni mdogo wa mume wangu, naye alikuwa amesimama palepale, amekuja kutazama. Fundi akaigeuza gia, nyota zikatazama ndani, na mimi nikapumua. Mama Trei akafunga trei. Tambarare, safi. Duka la dawa, krak! Sasa ilikuwa ni ya nyuma, ile gia ndogo inayolia tiki-tiki-tiki ukiacha kukanyaga. Meno yake yalikuwa yameinama yote upande mmoja, kama majani yaliyopigwa na upepo. Tukala mayai ya kuchemsha. Mtoto wetu akaanza kulia akiona kijiko.

"La kuvunda halina ubani," Mama Trei hatimaye akakubali. "Nunua mpya."

Ni mara ya kwanza kumsikia akitamka maneno hayo mawili yakiwa yamefuatana. Fundi akaing'oa ile ya zamani kwa ufunguo mrefu na kelele nyingi, akaleta mpya, akaizungusha kwenye kitovu cha gurudumu. Ikazunguka kidogo ikakwama. Akaitoa, akapaka grisi, akarudisha. Ikakwama. Akaisemesha maneno ambayo sitayaandika.

"Imekataa," akasema. "Hesi hazilingani."

Hesi ni ile mistari ya ndani inayojiviringa ili chuma kijifunge kwenye chuma. Waliotengeneza baiskeli ya mama walichonga mistari yao kwa kipimo chao, wakafunga kiwanda, wakaenda zao, na dunia ikahamia kwenye kipimo kingine.

"Inatakiwa gia ya ndugu yake," fundi akasema. "Kiwanda kilekile, rika lilelile, na iwe haijatumika sana."

"Inapatikana wapi?"

"Kesho nitauliza."

Nikajua basi, hapo tumefika mwisho wa barabara. Jumamosi ilikuwa inakuja mbio. Nikaiokota ile gia mbovu, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaitia kwenye mkoba wangu, nikatoka kwenda kuitafutia ndugu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama.

Nilianza duka kubwa la vipuri. Kijana wa kaunta akaigeuza mkononi, akamwita mwenzake, mwenzake akawaita wengine, wakaitazama kwa zamu kama watu waliokuja kuona maiti.

"Dada, hii si gia," akaniambia. "Hii ni historia. Baiskeli ya mwaka gani?"

"Ya kabla ya mume wangu."

"Mume wako wa mwaka gani?"

Nikaondoka. Kwa muuza vyuma chakavu nikaambiwa hakuna kinachokosekana, nipekue tu. Nikapekua mpaka kucha zikawa nyeusi. Akaniletea gia ya baiskeli ya mtoto. Akaniletea kitu kilichotoka kwenye pampu ya maji. Mwisho akaniletea bawaba ya mlango, akaniambia ikipigwa nyundo vizuri itaelewa. Kuna mzee mmoja aliniapia kuwa anayo gia kama hiyo nyumbani, imekaa tu. Nikamfuata mpaka kwake, jua la utosi, akaingia chumbani, akatoka na sahani ya saa ya ukutani.

Ile gia haikutoka mkobani. Nilikwenda nayo dukani, nikalala nayo kando ya kitanda, nikaenda nayo kwenye mkutano wa wazazi shuleni. Mwalimu mkuu alikuwa anaeleza habari za sare, nikavuta leso nifute jasho, na gia ikatoka pamoja na leso. Ikaanguka sakafuni, ikasimama kwa ukingo wake, ikabingirika katikati ya viti mpaka kwenye kiatu cha mwalimu mkuu. Akaiinua. Grisi ikampaka vidoleni.

"Hii ni ya nani?"

"Ya mama mkwe wangu," nikasema.

Nyuma yangu mzazi mmoja akanong'ona, "Masikini, kumbe walimpasua." Baada ya mkutano watu wakaja kunipa pole. Wengine wakaniuliza kama sasa anaweza kula. Nikawaambia anakula mayai.

Na hapo ndipo sifa zilipoanza. Mtaa mzima ukasema haujawahi kuona mke wa mtoto kama mimi, anayezunguka mji juani kwa ajili ya mama mkwe wake. Bombani nikapishwa foleni. Jirani mmoja alimwita binti yake aje anitazame usoni ajifunze. Nilizipokea sifa zote, kichwa nimekiinamisha kwa unyenyekevu, huku moyoni naona sufuria.

Ijumaa asubuhi nilikuwa narudi mikono mitupu kwa njia ya nyuma, nikapita mbele ya studio ya picha. Dirishani kulikuwa na picha ya bwana harusi na bibi harusi wamekaa juu ya baiskeli. Siku nyingine ningetazama gauni. Siku ile nilitazama chini, penye pedali, na katikati ya gia kubwa nikaona nyota. Zilezile, tupu, zinapitisha mwanga. Nikapiga kelele barabarani. Mbwa aliyekuwa amelala pale akahama.

Mwenye studio anaitwa Usicheke, kwa kuwa hilo ndilo neno analowaambia wateja. Anadai meno huharibu mwanga. Akanipeleka ndani, na ilikuwepo. Imesimama mbele ya pazia lililochorwa milima na maporomoko ya maji, nyeusi, ndefu, ndugu wa tumbo moja wa baiskeli ya mama. Nikapiga magoti nyuma yake, nikapangusa vumbi. Meno ya gia ya nyuma yalikuwa yamesimama wima yote, makali, safi. Watu walikuwa wamekaa juu ya baiskeli ile miaka na miaka, wakashikana mabega, wakatazama mbali kama wanaosafiri, na haijawahi kuvuka hata kizingiti.

"Kaka yangu," nikamwambia, "nakuomba gia ya nyuma."

"Haiwezekani. Hii ndiyo baiskeli ya studio. Watu wamezaliwa kwa sababu ya baiskeli hii."

"Hutabaki bila gia. Tunabadilishana." Nikafungua kitambaa.

Akaichukua, akaishika mbele ya gurudumu, akaniambia nimshikie hapohapo. Akaenda nyuma ya kamera, akafumba jicho moja. Alikaa kule muda mrefu.

"Meno yake yameinama," akasema.

"Ndiyo uzuri wake! Yako inaonyesha wazi haijatoka humu. Mteja mjanja anaona. Hii yangu imetembea, imepanda milima. Ukiipiga picha, watu wataamini hawa wawili kweli walikuwa wanakwenda mahali."

Akarudi kutazama kwa jicho la pili. Akaniambia niizungushe kidogo, iangalie kushoto. Akaguna.

"Ina sura ya safari," akakubali.

Nikakimbia. Nikamkuta Fundi Kesho bandani mwake anakunywa chai, akafungua mdomo, na kabla hajataja siku yoyote nikambeba yeye na ufunguo wake mrefu. Mama Trei, aliyekuwa palepale akiilinda baiskeli, akatufuata, anasukuma baiskeli yake yenye gurudumu la nyuma lisilo na gia, anauliza tunakwenda kuzika au kuoa.

Kuing'oa gia iliyokaa miaka yote bila kuguswa si mchezo. Fundi akaivuta, ikamtazama tu. Akamwaga mafuta ya taa, akasubiri, akavuta tena. Usicheke akashika gurudumu upande mmoja, mimi upande wa pili, fundi akaning'inia kwenye ufunguo, miguu yote miwili hewani, na Mama Trei akasimama pembeni anaitukana gia kwa upole, kama mtu anayembembeleza ng'ombe. Ghafla ikaachia. Fundi akaenda na maporomoko ya maji, milima ikamfunika. Aliposikika chini ya pazia anacheka, Usicheke akasema kwa mazoea, "Usicheke."

Gia ile ikaingia kwenye gurudumu la mama kwa mkono tu, laini, ikajifunga yenyewe mpaka mwisho. Hesi zilitambuana. Mama Trei akapitisha kidole kwenye meno mapya, jino kwa jino. Nilimwona macho yanamlenga machozi, akasingizia mafuta ya taa.

"Haya," akasema. "Mayai."

"Mama, hatujaja na mayai."

"Basi haijajaribiwa."

"Mama!"

Akanitazama kutoka juu mpaka chini, kwa jicho lilelile alilokuwa akizitazamia sufuria. "Wewe je? Panda."

"Mimi ni mzito kuliko mayai."

"Ndiyo vizuri. Na ukivunjika hatukuli, tumekinai."

Nikapanda kwenye keria. Mkwe hashikwi kiuno, kwa hiyo nikashika vyuma vya keria, miguu nimeinyoosha pembeni, Fundi Kesho na Usicheke wamesimama mlangoni wanatutazama. Mama akakanyaga. Tukapita tambarare, tukapinda, na mbele nikaliona duka la dawa na barabara inayoinuka. Mwenye duka alipotuona akaanza kuvuta ndani ubao wake wa matangazo, maana alishaosha ute mara mbili.

Mama akainuka kwenye kiti, akatia uzito wake wote. Nikafumba macho. Nilisikia cheni inaimba, nikasikia pumzi yake, nikamsikia mwenye duka anasema "Ee Mungu wangu". Krak haikuja. Tukapanda, tukapanda, mpaka upepo ukabadilika, nikajua tumefika juu.

"Imekubali, mama! Imekubali!"

"Nyamaza. Mayai hayaongei."

Hakusimama. Alinyoosha moja kwa moja kuelekea kwa muoka keki, akamwambie kwa mdomo wake kwamba kesho asubuhi mayai yanakuja na jamaa wa pikipiki atafute mlango mwingine. Kabla mteremko haujaanza, akasema bila kugeuka:

"Mwanangu, nikikwambia kitu utakasirika?"

"Sikasiriki, mama."

"Nimeomba usiku na mchana baiskeli hii ipone."

"Najua. Kwa ajili ya muoka keki."

"Huyo pia. Lakini zaidi ni kwa ajili yako. Nyumba ile kukaa na wewe kutwa, mimi siwezi. Unaimba, mwanangu. Unaimba ukiosha vyombo, unaimba ukifua, wimbo uleule, na katikati yake huijui, unaruka kama ile cheni. Nilikuwa nakuchokoza na sufuria ili angalau unyamaze."

Nilikuwa nimezunguka mji mzima najiona mjanja, mtakatifu wa bombani, kumbe yule ninayemkimbia alikuwa ananikimbia mimi, na kwa kasi kuliko yangu.

"Mama," nikasema, "na mimi nilikuwa naomba hivyohivyo. Ili uondoke."

Baiskeli ikayumba. Nilidhani nimemuudhi, kisha nikaona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka, kicheko cha tumboni, kisicho na hakimu ndani yake, na mimi nikaanza, na mteremko ukatuchukua wote wawili, gia inalia tiki-tiki-tiki. Nikaachia vyuma vya keria, nikamshika kiuno kwa mikono yote miwili. Tukashuka hivyo mpaka mlangoni kwa muoka keki, na njia nzima hakuniambia nimwachie.